Jamvi la Tano

Anayetaka kumjua Masika aulize habari ya pweza. Hata wiki haijaisha tangu afike Konde, kisiwani Pemba, jirani yake Yumna alimletea bakuli la pweza wa nazi. Kwao Urambo, mkoani Tabora, kiumbe wa maji anayemjua Masika ni perege, na kambale siku za mvua. Alilitazama lile bakuli, akaitazama mikono yenye vikombe vidogo vidogo, akasema "Bismillahi," akala mpaka bakuli likabaki jeupe. Jioni alikwenda kwa Yumna kuuliza anapikwaje.

"Ulimpenda?" Yumna aliuliza.

"Sikumpenda. Nilimshinda."

Yumna alicheka mpaka akashika ukuta, na kesho yake mtaa mzima uliijua habari. Tangu hapo wakamwita Bi Tabora. Masika hakuchukia. Aliona ni afadhali kuwa na jina la utani kuliko kutokuwa na jina.

Aliletwa Pemba na mumewe Ishak, fundi pikipiki aliyekutana naye Kahama. Ishak mwenyewe ni mzaliwa wa Konde. Babu yake alivuka kutoka Unyamwezi kuja kuchuma karafuu, akaoa, akazikwa hapo hapo. Ami yake, Mzee Seif, alipofariki bila mtoto, mjukuu huyo wa Mnyamwezi akaachiwa nyumba ya mawe na udongo na mikarafuu isiyofika thelathini. Wakafunga virago, yeye, mkewe na binti yao Zulekha ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika viti.

Walikuwa na mpango wa kujaribu msimu mmoja. Mpango huo ulikuwa wa Ishak. "Tukiona mambo hayaendi," alisema ndani ya boti, "namkodisha Hamdan mikarafuu, turudi Kahama." Hamdan ni mtu wa Wete, kazi yake kukodi mikarafuu ya watu waliochoka au walio mbali. Alikwisha piga simu mara mbili kabla hata hawajafungua mizigo.

Masika hakuwa na mpango wa kurudi. Kahama walikuwa wakipanga chumba kimoja ubavuni mwa baa, mtoto analala kwa muziki na kuamka kwa ugomvi. "Huku hata kivuli ni chetu," alimwambia mumewe siku ya kwanza, naye Ishak akaona usoni mwake kwamba maneno hayo hayakuwa ya kupita.

Tatizo lilikuwa hicho hicho kivuli. Nyumba ya Mzee Seif iko bondeni, imezibwa na mishelisheli na mifenesi, na jua huingia uani kwa kuchungulia tu. Karafuu ikichumwa na kuchambuliwa inataka jua kali, siku nne au tano mfululizo. Bondeni haikauki, inapauka na kuota ukungu. Kwa hiyo watu wa upande ule wote huanika juu, kwenye sakafu ya saruji iliyo mbele ya ghala kuukuu, ambalo nusu ya paa lake ilikwisha anguka. Sakafu ile inatosha majamvi matano makubwa, wala halizidi hata moja.

Hakuna karatasi inayosema nani mkubwa wa sakafu. Lakini marehemu mume wa Bi Mwanakhamis ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa ghala zamani, na mpaka leo hakuna anayetandika jamvi pale kabla bibi huyo hajaitikia kwa kichwa. Jamvi la kwanza ni lake mwenyewe. La pili ni la Yumna. La tatu na la nne ni ya wake wawili wa Mzee Kificho, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, ambao hawasemezani tangu mwaka wa harusi ya pili, na huanika ubavu kwa ubavu kila mmoja amempa mwenzake mgongo. La tano lilikuwa la Mzee Seif, liko pembeni, karibu na mshelisheli.

Masika alikwenda kuliomba mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Sabalkheri, Bi."

"Sabalkheri, mwanangu. Weye ndiye mla pweza?"

"Ndiye mimi, Bi."

Bi Mwanakhamis alimpima kwa macho kuanzia kanga mpaka kandambili. "Karafuu waijua?"

"Naijua tumbaku na karanga. Karafuu nitaijua."

"Haya. Tandika pale pa Seif. Nitakutazama msimu huu." Hakusema atamtazama nini.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Masika alijifunza kuchambua, yaani kushika kishada cha karafuu mbichi kiganjani na kukisokota ili karafuu zibaki huku na vikonyo viende kule. Yumna alikuwa akimaliza pakacha mbili yeye yuko kwenye nusu ya kwanza, kisha pakacha moja na nusu, kisha wakawa sawa. Alijifunza kuvua kandambili kabla ya kukanyaga sakafu. Alijifunza kugeuza karafuu kwa kuziburuzia miguu taratibu, mistari mistari, kama mtu anayepita ndani ya maji ya kina kifupi. Zulekha akajifunza kusema "yakhe," na kila anayepita njiani akawa yakhe wake, hata imamu.

Siku ya harusi moja kijijini Msuka mtoto huyo aliamka na homa ya meno. Wanawake wote wa sakafuni walialikwa na gari lilikwisha kuja kuwachukua. Masika, ambaye shungi lake la harusi lilikuwa tayari limepigwa pasi, alitoka na kanga ya kila siku kuwaambia haendi.

"Basi tutazamie sakafu," Bi Mwanakhamis alisema, akijipandisha kwa shida garini. "Mvua ikija, anua."

"Nitaanua, Bi."

"Zote, Bi Tabora!" Bi Mdogo alipaza sauti toka ndani. "Usije ukaanua zako tu!"

Gari likacheka, likaondoka.

Kuaminiwa namna ile hakukuwa jambo dogo kwa mgeni, na Masika alilijua hilo. Alimlaza Zulekha kwenye ubaraza wa ghala, akakaa naye. Sakafu ilikuwa imejaa. Karafuu za Bi Mwanakhamis zilikuwa zimefika, nyeusi nyeusi, kesho zinatiwa guniani. Za wake wa Mzee Kificho zilitandikwa pamoja siku tatu nyuma, zilikuwa kahawia, bado zinapinda kidogo ukizivunja. Za Yumna zilikuwa nyekundu za siku ya pili. Zake yeye zilitoka mtini jana, zimechambuliwa usiku, zilikuwa kijani na waridi kama kitu cha kuchezea watoto. Jua lilikuwa kali. Mpaka adhuhuri hakukuwa na wingu.

Alasiri upepo uligeuza majani ya mshelisheli yakaonyesha migongo, na upande wa msitu wa Ngezi mbingu ikawa rangi ya sufuria.

Masika hakupiga kelele, hakuita mtu. Alikamata pembe mbili za jamvi la kwanza akaliburuza mpaka ndani ya ghala, penye upande wa paa uliobaki mzima, akalimimina. Akarudi la pili, akalimimina. La tatu. La nne. Kwao Urambo karanga zikianikwa na mvua ikaja, hivyo ndivyo inavyofanywa. Kila kitu kinatupwa rundo moja mahali pakavu, na kesho watu wanagawana kwa debe, kwa kuwa karanga ni karanga. Jamvi lake mwenyewe alilivuta la mwisho, kwa heshima ya wenyewe, na tone la kwanza lilimpiga shingoni wakati anamimina. Akafunika rundo kwa turubali, akaweka mawe pembeni, akambeba mwanawe. Sakafu nje ikawa mto. Ndani hakuna karafuu hata moja iliyolowa.

Aliposikia gari alisimama mlangoni akitabasamu.

Wanawake waliingia mbio, mabuibui yamewashika miguuni. "Alhamdulillahi!" Yumna alisema alipoona turubali. "Zote?"

"Zote."

Bi Mwanakhamis aliinua pembe ya turubali. Alitia mkono, akatoa gao la karafuu, akalifungua mbele ya mwangaza. Nyeusi, kahawia, nyekundu, kijani. Akatia mkono upande wa pili, ikawa vivyo hivyo. Masika alielewa kabla hajaambiwa.

Pale Konde jamvi halimiminwi. Hukunjwa na karafuu zake ndani, pembe juu ya pembe kama sambusa, na kila jamvi hulala peke yake. Mtoto wa miaka sita analijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyefikiri kumwambia mtu mzima. Mbichi ikilala na kavu, inaitia unyevu. Rundo linapata moto, na asubuhi kavu si kavu tena na mbichi imeshachacha.

"Umeanua," Bi Mwanakhamis alisema hatimaye. "Siwezi kusema hukuanua."

"Kaanua kama anafagia!" alisema Bi Mkubwa.

"Na zangu zimo humo na za yule," alisema Bi Mdogo, akielekeza kidevu kwa mke mwenzake bila kumtazama. Lilikuwa neno la karibu zaidi alilowahi kumwelekezea kwa miaka.

"Nimechanganya mimi," Masika alisema. "Nitazitenganisha mimi."

"Kwa mkono? Mwanangu, hizi ni karafuu, si viazi." Bi Mwanakhamis alikuwa amechoka na viatu vyake vya harusi vilikuwa vimejaa maji. "Zitandazeni humu humu, nyembamba, zisilale rundo. Na weye sikiliza. Zangu zilikuwa ziingie guniani kesho. Zikiharibika, ile pembe ya Seif nampa mwengine. Sikuchukii. Lakini sakafu hii haina nafasi ya kufundishia."

Ishak alizipata habari kwenye kibanda chake cha ufundi kabla hata ya Magharibi. Alirudi nyumbani mikono ina grisi, akamkuta mkewe anapepeta mchele.

"Hamdan anapita kesho," alisema. "Ana mzigo Konde. Nimwambie nini?"

"Mwambie karibu, atapewa chai."

"Mama Zule."

"Nini?"

"Bila ile pembe hatuna pa kuanika. Hili bonde unaliona. Si kosa lako, hakuna aliyekwambia, hata mimi sikukwambia, na mimi ndiye wa hapa. Lakini tusijidanganye."

Masika alirusha mchele juu, ukashuka, makapi yakatangulia mbele ya ungo, akayapuliza. Akarusha tena. Halafu akaacha kurusha. Aliutazama ule ungo kwa muda.

"Baba Zule, karafuu kavu na mbichi, ipi nzito?"

"Mbichi. Maji yake hayajatoka."

"Nzito sana?"

"Mara mbili, labda tatu. Kwa nini?"

"Basi kesho usimjibu Hamdan kabla ya adhuhuri," alisema, akaendelea na mchele wake.

Asubuhi mbingu ilikuwa imeoshwa. Bi Mwanakhamis alipofika sakafuni alimkuta Masika amekwisha toa karafuu zote nje na kuzitandaza, na majamvi matano, yaliyovuta unyevu wa usiku, yamesimamishwa ukutani yakikauka. Katikati alikaa yeye mwenyewe, miguu imenyooka, ungo mapajani. Zulekha, homa imekwisha, alikuwa kando anaita yakhe kila kuku.

"Ungo wa nini?" Bi Mwanakhamis aliuliza.

"Wa kupepetea, Bi."

"Karafuu haipepetwi! Utazivunja vichwa. Karafuu isiyo kichwa ni mti mkavu, nani atainunua?"

"Nakubali, Bi. Naomba ungo mmoja tu. Ukihesabu vichwa vilivyovunjika ukaona ni vingi, naacha, na pembe ya Mzee Seif nakurudishia sasa hivi, sitasubiri uninyang'anye."

Yumna, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alisimama pale pale. Wake wa Mzee Kificho wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na upande wake.

Bi Mwanakhamis akaitikia kwa kichwa.

Masika hakurusha kama anavyorusha mchele. Aliutikisa ungo kwa viganja, chini chini, kama anayembembeleza mtoto asinzie, akauinamisha kidogo, akautikisa tena. Karafuu hazikuruka hata kimo cha kidole. Zilitembea. Nzito zilibaki nyuma, tumboni kwake, nyepesi zikasogea ukingoni. Baada ya muda ungo uligawanyika wenyewe, huku kijani na wekundu, kule kahawia na weusi. Akauweka mbele ya bibi.

Bi Mwanakhamis alipekua kwa kidole. Alipata vichwa vitatu vilivyokatika. Akapekua tena, akapata cha nne, akakitazama kama anayetamani kiwe na wenzake.

"Hiki kimekatika zamani," Yumna alisema.

"Sikukuuliza."

"Ungo unazigawa mafungu mawili," Masika alisema. "Baada ya hapo ni jicho. Kwetu tunapanga tumbaku kwa rangi, jani kwa jani. Zako, Bi, ni nyeusi. Za Yumna nyekundu. Zangu za kijani. Hakuna watu wawili walioanika siku moja, kwa hiyo kila rangi ina mwenyewe. Sikuzipoteza. Nimezichanganya tu."

"Na sisi?" Bi Mkubwa aliuliza. Lilimtoka kabla hajajizuia. "Sisi" ile iliwashtua watu wote, na yeye mwenyewe zaidi.

Kweli, za wake wa Mzee Kificho zilikuwa rangi moja, siku moja, pengine mti mmoja. Hakuna ungo wala jicho la kuzitenganisha.

"Nyinyi mtagawana kwa pishi," Bi Mwanakhamis alisema.

"Zangu zilikuwa nyingi kuliko za yule!" Bi Mkubwa alisema.

"Mwambie yule," Bi Mdogo alimwambia Yumna, "zake zilikuwa nyingi kwa sababu hakuondoa vikonyo!"

"Mwambie mwenyewe," Yumna alisema, "yuko hapo, na mie nina kazi." Akakimbilia kwao kuleta ungo wake.

Zililetwa nyungo nyengine mbili. Bi Mdogo alivunja vichwa vingi mwanzoni, Masika akamshika viganja na kumwonyesha, na Bi Mkubwa akacheka kwa pua, halafu zake zikavunjika zaidi. Jua lilipanda. Sakafu ilianza kuwa na viraka, kwanza viwili, kisha vinne, kila rangi na mahali pake. Za Bi Mwanakhamis zilikuwa zimepata unyevu kidogo lakini hazikupauka. Alizivunja moja moja, akisikiliza. Siku moja zaidi ya jua, alisema.

Kazi haikuwa kamilifu. Kwenye nyekundu za Yumna kulibaki kahawia za watu, na kwenye kahawia kulibaki nyeusi, na walipofika hapo Bi Mwanakhamis alisema inatosha, atakayeziona anunue au aache. Bi Mkubwa na Bi Mdogo walikuwa wamechuchumaa juu ya fungu moja, pishi katikati yao, wakihesabu kwa sauti kubwa ili kila mmoja ahakikishe mwenzake haruki namba.

Pikipiki ya Hamdan ilisimama njiani adhuhuri inakaribia. Ishak alikuwa nyuma yake kwa baiskeli, pakacha ya karafuu mbichi zilizochumwa na kuchambuliwa asubuhi imefungwa kwenye keria, kwa sababu mikarafuu haingoji mazungumzo ya watu. Alisimama ukingoni mwa sakafu akavua viatu, hakuthubutu kuingia.

"Assalaam alaykum," Hamdan alisema. "Naona leo kuna maonyesho."

"Waalaykum salaam," wakajibu.

"Nimekuja kwa habari ya mikarafuu ya marehemu Seif. Ishak aniambia kuna tatizo la kuanika." Alitupa jicho pembeni kwa mshelisheli, ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa saruji tupu. "Nikichukua mikarafuu nitahitaji na ile nafasi, Bi. Naiona iko wazi."

Masika aliweka ungo chini. Hili halikuwa la kujibiwa na yeye, wala na mumewe.

Bi Mwanakhamis alijikokota mpaka ukutani, akalipapasa jamvi la tano kama limekauka. Akaliburuza hadi pembeni, akalitandika mwenyewe na kunyoosha pembe zake kwa vidole vya miguu.

"Haiko wazi," alisema. "Lilikuwa linakauka. Ishak, wasimama hapo kama muhogo kwa nini? Mimina hizo, jua linakwenda."

Ishak akaingia.

Hamdan alikunywa chai kama alivyoahidiwa. Alipowasha pikipiki yake Bi Mwanakhamis alikuwa amekwisha kurudi kivulini, na alikuwa akimwambia Masika kwamba Ijumaa kuna kuonyesha vyombo vya bi harusi Msuka na wote wanakwenda, isipokuwa mmoja lazima abaki na sakafu.

"Nitabaki, Bi."

"Hukuulizwa. Weye utakwenda, shungi lako lishapigwa pasi. Atabaki Bi Mdogo."

"Mimi?" Bi Mdogo aliinua kichwa toka kwenye pishi.

"Weye. Na mvua ikija, Bi Masika, mwambie afanye nini."

Masika alikuwa anageuza karafuu zake kwa mguu, mstari baada ya mstari. "Kila jamvi na zake," alisema bila kusimama. "Pembe juu ya pembe."